Boti ya Zamani Inapokataa Kujazwa Mafuta: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mwenye boti ya zamani huijua hali hii. Anaingiza nozeli kwenye mdomo wa tangi, anabana kishikio, na kabla hata lita mbili hazijaingia nozeli inajikata. Anabana tena, inajikata tena. Akilazimisha, mafuta yanamrukia mikononi, au yanatokea kwenye tundu la hewa ubavuni na kumwagika majini. Wengi huizoea kero hii wakawa wanajaza kidogo kidogo msimu baada ya msimu, wakiamini kwamba ndivyo boti yao ilivyoumbwa. Ukweli ni kwamba boti hiyo ilipokuwa mpya ilijazwa kama nyingine zote, na kilichobadilika kinaweza kupatikana. Kila lita ya mafuta inayoingia kwenye tangi sharti iitoe lita moja ya hewa, na sehemu kubwa ya hitilafu za ujazaji ni hewa iliyokosa njia.

Inafaa kwanza kuelewa nozeli inajikata vipi, kwa sababu watu wengi huilaumu pampu bure. Kwenye ncha ya nozeli pana kitundu kidogo kilichounganishwa na kijibomba chembamba hadi karibu na kishikio. Mafuta yanapopita kwa kasi katika sehemu iliyobanwa ndani ya nozeli, huvuta hewa kupitia kitundu hicho. Kitundu kikifunikwa na mafuta au povu, mvuto huo hukishika kiwambo kilichomo ndani, nacho hufyatua kishikio. Nozeli, kwa hiyo, haijui kama tangi limejaa. Inachojua ni kwamba mafuta yamefika kwenye ncha yake. Kama yamefika hapo wakati tangi ni nusu tupu, basi yamesukumwa kurudi juu na hewa iliyobanwa, au yameshindwa kushuka kwa sababu njia yao imeziba. Hizo ni hitilafu mbili tofauti, na kazi ya mwanzo ni kuzitofautisha.

Kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupeperuki ukaisha, unashuka. Mabaharia husema tezi na omo marejeo ni ngamani, na mvuke huo nao hufuata njia hiyohiyo: popote utakapovuja, mwisho wake ni ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, mahali ambapo cheche moja ya swichi inatosha kuulipua. Dizeli haiwaki kwa urahisi namna hiyo, lakini si sababu ya kuizoea. Fanya uchunguzi mahali pa wazi penye upepo, washushe abiria, zima injini, jiko na swichi kuu ya betri, na uwe na kizimamoto mkononi. Tochi iwe ya aina iliyofungwa vizuri isiyoweza kutoa cheche, nayo iwashwe kabla hujafungua kifuniko chochote cha sitaha. Wakati wa kujaza, ncha ya nozeli ya chuma iendelee kugusa mdomo wa chuma wa tangi ili umeme tuli usijikusanye. Ukimaliza, fungua milango na vifuniko, endesha feni ya kutoa hewa ngamani kwa dakika nne au zaidi, kisha unuse mwenyewe kabla ya kuwasha injini. Pua ya binadamu ni kipimo kizuri sana cha petroli.

Jambo jingine la kuthibitisha linaweza kuonekana la kitoto: je, tangi lina nafasi kweli? Geji za boti za zamani hukwama, na kijiti cha kuelea kilichogandia chini kitaonyesha robo tangi siku zote. Linganisha lita ulizotia na ukubwa wa tangi ulioandikwa kwenye kibati chake. Hakikisha pia kwamba mdomo unaotumia ndio wa mafuta. Boti iliyopita mikononi mwa wamiliki wengi huenda ilibadilishwa vifuniko vya sitaha, na wapo waliokwisha kumimina petroli kwenye tangi la maji au kwenye tundu la kusimikia ufito wa kuvulia.

Kusoma dalili

Jaza polepole, huku mwenzako akiweka kiganja karibu na tundu la hewa lililo ubavuni. Hewa inapaswa kumpuliza mkononi kwa kadiri ileile ya mafuta unayotia. Asiposikia kitu, njia ya hewa imeziba. Nozeli ikijikata, ichomoe taratibu, ukiwa umekinga uso, na usikilize. Mdomo wa tangi ukicheua na kutoa pumzi ya hewa, pengine pamoja na mafuta, ni hewa iliyokuwa imebanwa ndani. Ushahidi wote unaelekea kwenye mpira wa hewa, yaani bomba la mpira linalotoka kwenye tangi hadi tundu la hewa. Ukiona badala yake mafuta yametulia kimya shingoni, yakishuka kidogo kidogo bila kucheua, wa kushukiwa ni mpira wa kujazia, yaani bomba linaloshusha mafuta kutoka mdomoni hadi kwenye tangi.

Ipo dalili ya tatu, ambayo hukanganya zaidi: tangi hupokea vizuri hadi kiwango fulani, tuseme robo tatu, kisha hukataa kabisa. Hapo angalia boti imekaaje. Matangi mengi ni marefu na mafupi kwa kimo, na mahali mpira wa hewa unapotokea ni pamoja tu. Boti ikiinamia upande ambako pahali hapo pako chini, mafuta hulifikia na kulifunika tundu hilo mapema, na hewa iliyobaki upande wa juu hunaswa. Boti iliyo juu ya trela, yenye omo (sehemu ya mbele) iliyonyanyuka kuliko kawaida, huonyesha tabia hii mara nyingi, hata kama majini hujaa bila shida. Inyanyue au ishushe omo sentimita kadhaa, ujaribu tena. Tiba hii haigharimu chochote.

Vilevile jaribu kuigeuza nozeli robo mzunguko au kuitoa nusu. Katika boti nyingine mpira wa kujazia hupinda ghafla chini ya sitaha, hivyo mafuta hugonga ukuta wa kona na kurukia ncha ya nozeli. Ikiwa kuigeuza kunamaliza tatizo, basi umepata nafuu. Bado hujajua kama kona hiyo ilikuwepo tangu mwanzo au imetokana na mpira uliochoka na kukunjamana.

Njia ya hewa

Anzia hapa, kwa kuwa ndipo hitilafu nyingi zinapokutwa na ndipo rahisi kufika. Tundu la hewa la nje huwa na wavu mwembamba, ambao katika boti za petroli una kazi ya kuzuia mwali wa moto usiingie ndani. Wavu huo huziba kwa chumvi, kutu na rangi. Boti ikipakwa rangi ubavuni, brashi haibagui. Wadudu nao hupapenda. Buibui hutaga humo, na nyigu wa udongo wanaweza kuliziba tundu zima ndani ya siku chache boti ikiwa imeegeshwa. Toa uchafu kwa waya laini, suuza kwa maji baridi, kausha. Kuna mafundi wanaoutoboa wavu kwa bisibisi na kusema kazi imekwisha. Usikubali. Wavu ulioharibika hubadilishwa, hautobolewi.

Ukishasafisha, jaribu njia nzima. Fungua kifuniko cha mdomo wa kujazia, unganisha pampu ndogo ya mkono kwenye tundu la hewa, na upulize kwa upole huku mwenzako akisikiliza mdomoni mwa tangi. Upepo upite bila upinzani na bila sauti ya mbubujiko. Usitumie kompresa hata siku moja. Tangi la boti halikuundwa kustahimili shinikizo kubwa, na kompresa ya gereji inaweza kulipasua kwenye maungio au kurusha mafuta nje. Usijaribu pia kufyonza kwa mdomo, maana petroli ikiingia mapafuni ni hatari kubwa.

Ukisikia mbubujiko, tafuta tumbo la mpira. Mpira wa hewa unapaswa kupanda mfululizo kutoka kwenye tangi hadi juu kabisa chini ya sitaha, ndipo uteremke kidogo kulifikia tundu la nje ili maji ya bahari yasipate njia ya kuingia. Klipu zake zikilegea kwa miaka, mpira hulegea pia ukafanya tumbo, na ndani ya tumbo hilo hutuama mafuta au maji. Hewa inayotaka kutoka hulazimika kwanza kuisukuma safu hiyo ya majimaji kwenda juu, na kwa kuwa mpira wa kujazia ni mpana na mwepesi kupitika, hewa huchagua kurudi huko, ikiyabeba mafuta hadi kwenye nozeli. Kero ya miaka mitano inaweza kuwa sentimita kumi tu za mpira ulioinama. Ukaushe, uinue, na uufunge kwa vishikizo vilivyokaribiana ili usianguke tena.

Boti nyingine zimefungwa kwenye njia ya hewa kifaa cha kuzuia mafuta yasitoke nje, chenye vali au tufe dogo linaloelea. Kikigandia kwenye hali ya kufunga, tangi zima hugoma. Kiondoe, kisafishe, kitikise. Kama sehemu inayocheza haichezi, nunua kipya.

Usiache njia ya hewa ikiwa mbovu kwa sababu tu umejifunza kujaza taratibu. Injini inapokunywa mafuta, hewa lazima iingie kupitia tundu lilelile kuchukua nafasi yake. Tundu lililoziba hufanya tangi livute utupu, na baada ya muda injini hukosa mafuta na kuzima, kwa kawaida ukiwa mbali na gati. Injini inayozima namna hiyo, kisha ikaendelea vizuri ukifungua kifuniko cha tangi, imekwisha kukutajia ugonjwa wake.

Mpira wa kujazia

Mpira huu kwa kawaida una kipenyo cha ndani cha milimita 38, na ule wa hewa takriban milimita 16. Ukikuta mpira wa hewa mwembamba zaidi ya huo, huenda boti yako iliundwa enzi za pampu za polepole, au fundi fulani alifunga kilichokuwepo. Kuupanua hadi milimita 16, pamoja na viungio vyake, huleta tofauti kubwa.

Umri ndio adui wa mpira wa kujazia. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huushambulia mpira wa zamani kwa ndani. Tabaka la ndani huvimba, hujitenga na lile la nje, na kufanya ulimi unaoning'inia njiani kama vali. Kwa nje mpira unaweza kuonekana mzima kabisa. Ndiyo maana kuubonyeza kwa kidole hakutoshi: fungua klipu, uutoe, uutazame ndani ukiwa nje ya boti. Soma pia maandishi yaliyopigwa chapa juu yake, kwani mpira halali wa boti huonyesha aina yake, kiwango kama vile ISO 7840 au SAE J1527, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Mpira usio na maandishi hayo pengine ni wa gari au wa maji, na haufai humu, kwa sababu mpira wa boti hutengenezwa ustahimili moto kwa muda.

Ukigandia kwenye shingo ya tangi, upasue kwa urefu kwa kisu na kuubandua. Kuuchokoa kwa bisibisi kutakwaruza shingo, hasa ya alumini, na mkwaruzo huo utavuja baadaye. Usitumie moto kuulainisha. Kabla ya kuuvuta, funga kamba imara kwenye ncha yake, ili kamba hiyo ibaki ikuvutie mpira mpya katika njia ileile. Mpira mpya upakwe maji ya sabuni, ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu kila upande, na uteremke moja kwa moja bila tumbo. Rudisha pia waya unaounganisha mdomo wa chuma na tangi. Waya huo husahauliwa sana, nao ndio unaoondoa umeme tuli. Ukinzani kati ya mdomo na ardhi ya umeme ya boti unapaswa kuwa chini ya omu 100.

Kama mipira yote miwili ni mizima na tangi bado linakataa, kilichobaki ni viungio vya tangi lenyewe. Kwenye matangi ya alumini unga mweupe wa kutu hujaa katika kiungio cha hewa hadi kikaziba. Kinaweza kusafishwa kwa mkono. Lakini unga huo ukionekana pia kwenye ngozi ya tangi, mwite fundi alipime lote kabla hujatia mafuta mengine.

Kujaribu baada ya kazi

Tia lita 20 polepole, usimame, upitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungio na kunusa. Kisha jaza kwa kasi ya kawaida, mtu mmoja akiutazama mpira wa kujazia. Mpira huo huwa mkavu karibu wakati wote, kwa hiyo kiungio kibovu hakijitokezi hadi tangi likaribie kujaa, na ndiyo sababu jaribio la lita chache pekee halitoshi. Shika kitambaa kinachofyonza chini ya tundu la hewa ili tone lisifike majini.

Simama tangi likifika asilimia 95. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia moja kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kwa hiyo lita 200 zilizotiwa asubuhi yenye baridi zinaweza kuongezeka lita nne jua likipanda nyuzi 20 zaidi. Tangi lililojazwa hadi shingoni litazitoa lita hizo kupitia tundu la hewa ulilotoka kulisafisha.