SOMO: Kufungua plagi za moto (spark plug) zilizoganda kwenye injini ya 1NZ (IST, Vitz, Probox) ukiwa nyumbani

Wakuu habari zenu. Wengi wetu humu tuna hizi Toyota za 1NZ-FE, na ukikuta plagi hazijaguswa tangu gari litoke Japani zinakuwa zimeshika balaa. Kabla hujashika spana jua kitu kimoja, plagi ni chuma na silinda hedi (kichwa cha injini, plagi zinafungwa humo) ni aluminiamu, sasa wakigombana anayeumia ni hedi. Plagi nne bei yake unaijua, hedi sitaki hata kuitaja. Kwahiyo hapa tunalinda meno ya hedi (mistari ya skrubu ambamo plagi inajifunga), plagi ikifa acha ife.

Zinaganda kwa sababu masizi yanajaa kwenye meno ya chini yanayochungulia ndani ya silinda, au fundi aliyepita alikaza kwa hasira, au (hii naiona sana huku kwetu) watu kuoshesha injini kwa maji ya presha, maji yanaingia kwenye shimo la plagi yanatulia humo mpaka kutu inaanza. Injini ifute na kitambaa bana.

Vifaa: soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani, ya pembe 6 sio 12, ekstensheni ndefu, racheti, spana namba 10, spray ya kulegeza kutu, miwani ya kukinga macho, na kompresa ya kupulizia upepo. Huna kompresa? Hata pampu ya baiskeli ukiifunga mpira mrefu inasaidia.

Hatua 1. Injini iwe baridi kabisa, bora asubuhi kabla gari halijawashwa. Toa mfuniko wa plastiki wa juu, chomoa soketi za waya za koili (vidude vinavyopeleka umeme kwenye plagi, kila plagi na yake) taratibu maana vile vibano vya plastiki vikizeeka vinakatika kama biskuti, fungua bolti namba 10 na uvute koili juu. Zipange kwa mfuatano wake.

Hatua 2. Puliza mashimo yote manne kabla hujalegeza chochote. Usiruke hii. Mchanga ukidondokea kwenye silinda utakuwa umejitafutia kazi nyingine.

Hatua 3. Ingiza soketi mpaka ikae chini kabisa, shika ekstensheni na mkono mmoja isilale upande halafu vuta racheti kwa nguvu inayopanda pole pole, usishtue. Soketi ikilala upande ndo kaure (ile sehemu nyeupe ya plagi) inapasuka. Ikikataa, puliza spray kuzunguka plagi uiache, na ukiweza iache usiku kucha.

Hatua 4, na hapa ndo watu wanaharibu. Ikishalegea robo raundi USIENDELEE KUFUNGUA kwa furaha. Puliza spray tena, subiri, irudishe kidogo kama unakaza, fungua tena mbele kidogo, rudisha, fungua, ukisikia inalia au inakuwa nzito ghafla ujue masizi yamebana kwenye meno, rudi nyuma uongeze spray. Plagi moja inaweza kukula nusu saa nzima na hapo bado uko sawa, asiyetaka kusubiri ndo anatoka na meno ya hedi yamening'inia kwenye plagi.

Hatua 5. Zikitoka zote futa mashimo, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), koili ziwe bado hazijaunganishwa, piga stata kidogo ili spray iliyoingia kwenye silinda irushwe nje. Simama mbali na mashimo. Kisha funga plagi mpya kwa vidole kwanza, unaweza kuichomeka kwenye kipande cha bomba la mpira la kupitishia mafuta ukazungusha nao, ikikaa vibaya ule mpira unateleza wenyewe hivyo huwezi kukata meno. Ikigota ongeza nusu raundi mpaka theluthi mbili kwa racheti, basi. Ukirudishia plagi ya zamani, washa yake (ile ringi ya chuma shingoni) imeshabonyea, ongeza kidogo tu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu fundi wangu anasema lazima injini iwe ya moto ndo zitoke, nani mkweli?
Jibu: Ana hoja kaka, aluminiamu inatanuka kuliko chuma kwahiyo shimo linalegea kidogo, ila injini ikiwa ya moto sana meno ya hedi yanachanika kirahisi. Anza na baridi. Ikigoma hata baada ya kulala na spray, kausha shimo, rudisha koili, washa dakika chache ipate uvuguvugu tu, mkono uweze kukaa juu ya tepeti kava (mfuniko wa juu wa hedi), ujaribu tena. Spray kwenye injini ya moto hapana, inawaka.

Swali: Sina spray, mafuta ya taa je?
Jibu: Yanapenya ila kwa uvivu. Weka kidogo jioni, asubuhi kausha vizuri.

Swali: Nimefungua koili nimekuta shimo moja limejaa oili, ni ringi za pistoni?
Jibu: Tulia dada, hapo ni raba za tepeti kava zimechoka, oili inashuka juu kwa juu. Ifyonze kwanza na kitambaa kabla hujafungua plagi, halafu badilisha zile raba.

Swali: Nipake grisi kwenye meno ya plagi mpya ili kesho zisigande?
Jibu: NGK wenyewe, watengenezaji wa plagi, wanasema usipake, plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Weka kavu.

Swali: Yangu imekatikia ndani, juu imetoka, chini imebaki. Nifanyeje wakuu?
Jibu: Pole sana. Usiwashe, usipige stata. Toa vipande vya kaure kwa upepo au kifyonza vumbi, halafu muite fundi mwenye ekstrakta ya meno ya kushoto (kifaa cha kung'oa kilichokatikia ndani), aipake grisi ishike unga wa chuma. Ikigoma hedi inashuka, anaichonga mtu wa mashine na kuiwekea meno mapya.

Swali: Subaru Forester nayo ni hivi hivi?
Jibu: Hatua ni zile zile ila plagi zimelala ubavuni, utahitaji ekstensheni fupi fupi na joint (kiungo kinachopinda), na huenda ukatoa betri na boksi la ea klina (chujio la hewa) kupata nafasi. Tenga siku nzima mkuu.