Unaenda kujitolea kufundisha Rwanda? Soma hii kabla hujapanda basi

Wabongo wengi wakisikia Rwanda wanaona ni pale tu, unapanda basi Dar, unavuka Rusumo, umefika, kwahiyo wanajiandaa kama mtu anaehamia Kahama. Jamani ile ni nchi ya watu na ina utaratibu wake, na mwalimu wa kujitolea akiingia kichwa kichwa anawapa wenyeji wake kazi mara mbili.

Makaratasi kwanza. Kabla hujauza kitanda hakikisha wanaokupokea wamekuandikia barua: utafundisha somo gani, vipindi vingapi kwa wiki, nyumba analipa nani, chakula je, ukiumwa bima ya nani, nauli ya kurudi inatoka wapi. Kujitolea ni kukosa mshahara, sio kulala njaa. Anaekwambia tuma hela kwanza ndo nikushughulikie nafasi, achana nae. Paspoti iwe na muda wa kutosha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, na kibali cha ukaazi kiulizie uhamiaji mapema maana kuruhusiwa kuingia na kuruhusiwa kufanya kazi, hata ya bure, ni vitu viwili. Sweta na viatu vya matope usiache, kule ni milima na mvua.

Ukifika rudisha saa nyuma lisaa limoja. Wao nao wanahesabu saa kama sisi, saa moya, saa mbiri, lakini saa moja asubuhi ya kule ni saa mbili ya Dar, simu isipobadilika utajichanganya wiki nzima. Magari yanapita kulia kwahiyo ukivuka barabara anza kuangalia kushoto. Pikipiki ni abiria mmoja na helmeti, mshikaki wa kupakiana watatu hakuna. Na kula huku unatembea njiani wanaona ni kukosa adabu, kaa ule.

Sasa majirani. Wanyarwanda wengi ni wapole, hawakuzoei haraka, na sisi tunaopenda kupiga stori kwa sauti tunaweza kudhani wanatuchukia, hapana, wanakusoma tu. Siku za mwanzo mwombe mwalimu mkuu akupeleke kwa mkuu wa umudugudu, yani kama mwenyekiti wetu wa mtaa, ajue nani kahamia kwake. Halafu kuna umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi mpaka kama saa tano watu wanatoka kulima barabara, kusafisha mitaro, kupanda miti, maduka yanafungwa. Usijifungie ndani kwa kuwa wewe mgeni, chukua jembe utoke. Baada ya kazi kuna kikao na hapo ndo unatambulishwa, kesho yake watoto wanakusalimia kwa jina. Mimi sijaona njia nzuri kuliko hiyo ya kuingia kijijini.

Darasani usitegemee Kiswahili kikubebe. Ni lugha rasmi tangu 2017, ila vijijini utawapata zaidi wafanyabiashara, madereva na wazee waliowahi kuishi Tanzania au Kongo, watoto wengi wanaongea Kinyarwanda tu. Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza baada ya serikali kuamua 2008 kuachana na Kifaransa, kwahiyo unaweza kukuta mwalimu mzoefu, hodari kweli, ambae yeye mwenyewe alisoma kwa Kifaransa, mheshimu huyo, usimsahihishe mbele ya wanafunzi. Ongea taratibu, andika ubaoni, chora. R na l zinawachanganya sana kwa sababu ya lugha yao, usimcheke mtoto, mpe mazoezi ya kusikia kabla ya kuandika. Fimbo sahau kabisa. Na wewe jifunze chao: mwaramutse asubuhi, mwiriwe mchana na jioni, murakoze kushukuru.

Hili la mwisho naomba ulisome mara mbili. Kabila la mtu haliulizwi Rwanda, sio kwa utani, sio kwa udadisi. Kuanzia Aprili 7 ni maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wiki hiyo hakuna miziki wala sherehe, vaa kwa heshima, shughuli za shule au kijiji ukialikwa nenda ukae usikilize. Wanafunzi wako hawakuwa wamezaliwa ila wazazi au babu na bibi zao walikuwepo, kwahiyo hata somo dogo la Kiingereza la "familia yangu" usimlazimishe mtoto ataje babu na bibi zake mbele ya darasa, mwache achore nyumba yao au aandike kuhusu rafiki. Mtu akitaka kukusimulia yake atakusimulia mwenyewe, siku yake ikifika.

Na tangu wiki ya kwanza andaeni vipindi pamoja na mwalimu mwenyeji wa somo lako, maana muda wako ukiisha yeye ndo anabaki na wale watoto, umuachie notsi zote za masomo na mitihani uliyotunga.