Zawadi za Udongo Darasani: Kisahani na Kibakuli Visivyopasuka

Kabla ya kugusa udongo, fungua kalenda. Ikiwa zawadi zinatakiwa kwenda nyumbani siku ya kufunga shule, watoto wafinyange angalau wiki nne kabla. Kukausha peke yake huchukua siku saba hadi kumi, kisha kuna kuchoma, kupaka glezi (mchanganyiko unaogeuka tabaka la kung'aa kama kioo ukichomwa) na kuchoma tena. Mwalimu akianza akiwa amechelewa, hana budi kuharakisha ukaushaji, na kazi nyingi za watoto huharibikia hapo.

Kwa darasa la kwanza hadi la tatu, chagua kisahani cha kuwekea pete au funguo. Hakina kiungo, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Wa darasa la nne na kuendelea wanaweza kibakuli. Kikombe chenye mkono kiache mpaka darasa limeshazoea kuunganisha, kwa sababu mtoto akikabidhiwa kikombe kilichovunjika mkono, zawadi yake imekwisha.

Gramu 250 hadi 300 za udongo zinamtosha mtoto mmoja. Kwa wanafunzi 30, weka kilo 9 na nyingine 2 za akiba. Ukande mwenyewe siku moja kabla, kisha ufunge ndani ya plastiki. Kuupima ni rahisi: viringisha kipande chenye unene wa kidole, ukizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka, udongo ni mkavu mno. Ukibaki umenata mkononi, umelowa mno.

Kisahani. Tandaza kitambaa cha pamba mezani ili udongo usigande. Weka vijiti viwili vyenye unene wa milimita 7, kimoja kila upande wa bonge, kisha sukuma kwa chupa au gongo la mviringo kuanzia katikati kwenda nje. Vijiti hivyo huzuia mtoto kutengeneza upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Unene usiolingana hukauka kwa kasi tofauti na kuleta nyufa. Laza jani, mishipa ikiangalia chini, sukuma mara moja tu, kisha livute kwa kikonyo. Kata duara la sentimita 12 kwa kufuata mfuniko. Udongo husinyaa kwa takriban asilimia 10 hadi utoke tanurini, kwa hiyo tarajia kisahani cha karibu sentimita 11. Jina na darasa viandikwe chini kwa penseli butu, kina kisizidi milimita 2. Lainisha ukingo kwa kidole chenye unyevu, kisha laza kisahani ndani ya sahani iliyotandikwa gazeti ili kipate mbonyeo na kitoke bila kung'ang'ania.

Kibakuli. Mtoto aviringishe tufe, aingize kidole gumba katikati na kuacha sentimita moja chini, kisha afinye huku akizungusha. Watoto wengi huanza kufinya mdomoni, mdomo unakuwa mwembamba kama karatasi na kupasuka huku kitako bado ni bonge. Waanzie chini wapande juu, ukuta ubaki milimita 6 hadi 8. Usiweke bakuli la maji mezani. Mtoto akiona ufa mdogo huchovya kidole, anapaka, anachovya tena, na baada ya dakika tano ukuta unalegea na kulala. Kila watoto wawili wape sponji moja iliyokamuliwa vizuri.

Kwa atakayeongeza miguu au mkono: sehemu zote mbili ziwe na unyevu sawa, maana iliyolowa zaidi husinyaa zaidi na kujivuta. Kwaruza pande zote kwa uma, paka uji wa udongo, bana huku ukitikisa kidogo mpaka uji utokeze pembeni, kisha ziba mshono kwa kidole. Maji matupu hayashiki.

Kausha mbali na jua na dirisha. Siku mbili au tatu za mwanzo funika kwa plastiki iliyolegea, kisha funua na ugeuze kazi ili hata chini pakauke. Kisahani kikianza kujikunja, kingo zimetangulia kukauka; kirudishie plastiki kabla hakijawa kigumu. Ukigusisha kazi shavuni na ukahisi ubaridi, bado ina maji.

Wengi husema kazi hulipuka tanurini kwa sababu ya mapovu ya hewa. Kisababishi kikubwa ni maji: yakigeuka mvuke ndani ya udongo mnene, yanatafuta pa kutokea. Katika kuchoma kwa kwanza, shikilia joto chini ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa kabla ya kupandisha hadi karibu nyuzi 1,000, na umbo lolote lenye uwazi ndani litobolewe tundu. Tanuri lifunguliwe likishapoa kabisa. Kisha paka glezi. Iwe isiyo na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kama chombo kitawekewa chakula, lebo iseme wazi kuwa inafaa. Usipake kitakoni wala milimita 3 juu yake, la sivyo kazi itaganda kwenye rafu ya tanuri.

Huna tanuri? Tumia udongo unaokauka wenyewe, paka rangi ya akriliki, kisha vanishi. Chombo hicho hakifai maji wala chakula. Andikeni hivyo kwenye kadi ya zawadi.

Meza zifutwe kwa kitambaa kibichi, zisifagiliwe, kwa kuwa vumbi la udongo lina silika inayodhuru mapafu. Mikono ioshwe kwenye ndoo, si kwenye sinki. Tope likitulia usiku kucha, mwaga maji ya juu na uhifadhi udongo wa chini.

Tengeneza visahani vitatu vinne vya ziada. Mtoto ambaye chake kimepasuka apewe kimojawapo kabla ya siku ya glezi, akipake mwenyewe, aandike jina lake chini kwa rangi ya kuchomea, yaani rangi ya udongo inayostahimili tanuri. Baada ya tanuri la mwisho, sugua kitako kwa msasa uliolowa kisikwaruze meza, kausha, kisha funga kila zawadi kwa tabaka mbili za gazeti kabla haijaingia kwenye begi la mtoto.