Msalaba wa zamani wenye sanduku ndani: jinsi ya kuufungua na kuuandaa kwa mgonjwa

Ukipata msalaba wa mbao wa zamani ambao ni mnene kuliko kawaida, ugeuzegeuze kwanza kabla hujaupigilia ukutani, huenda una sanduku ndani. Kwa mfano Marekani, kabla ya miaka ya 1960, familia nyingi za Kikatoliki zilikuwa nao, padre akiitwa usiku kwa mtu mahututi anakuta vitu vya Mpako wa Wagonjwa (sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu) viko tayari.

Kuufungua usitumie nguvu. Mara nyingi ule upande wenye sanamu ya Yesu ndio mfuniko, unateleza tu, ukigoma usichokonoe na bisibisi, uweke pakavu siku kadhaa mbao inywee. Ndani kuna mishumaa miwili, kichupa cha maji ya baraka, pamba, pengine na kitambaa cheupe. Halafu angalia kile kipande cha chini, kina mfereji katikati na matundu mawili pembeni: msalaba unasimama kwenye mfereji, mishumaa kwenye matundu, na hapo tayari una altare ndogo kando ya kitanda. Aliyebuni hiki kitu alikuwa na akili sana!

Pamba ilikuwa na kazi kubwa zamani maana padre alimpaka mgonjwa mafuta kwenye macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, akawa anafuta mafuta kila mahali. Utaratibu wa Papa Paulo VI wa 1972 ukabakisha paji la uso na mikono, kwa hiyo vidonge vichache vya pamba vinatosha.

Ukikuta na kikopo cha chuma kimechorwa OI au INF, hayo ni mafuta ya wagonjwa (SC ni krisma, mafuta ya ubatizo na kipaimara, kitu kingine kabisa). Pamba yenye mafuta usitupe jalalani, mpelekee padre aichome. Na usimpake mgonjwa mafuta hayo wewe mwenyewe, Mpako ni wa padre au askofu tu, hata shemasi haruhusiwi.

Siku ya kuutumia tandika kitambaa safi mezani, weka maji ya baraka mapya, yale ya kwenye kichupa cha zamani mwaga ardhini. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni mishumaa USIWASHE, iache imesimama tu. Na padre muite mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuungama na kumeza Komunyo, watu wanachelewa sana hapa.