Kitufe cha redio ya gari kinachonata: kivue ngozi, usikipake poda

Ilianza na shati jeupe. Njiani niliongeza sauti kidogo nisikie taarifa ya habari, nikajikuna shavu, nikarekebisha kola. Nilipofika niendako mtu akaniuliza kama nimetoka kumwaga oili. Kidole gumba cheusi, kola nyeusi, shavu nalo lina chapa. Mhalifu alikuwa kile kitufe cha kuzungusha cha sauti, ambacho kwa miezi nilikuwa nakiona kinanata nikadhani ni soda iliyomwagwa na mtoto. Mtoto nilimgombeza bure.

Ule si uchafu. Chini kabisa kitufe ni plastiki ngumu, na juu yake kiwandani walipaka utando mwembamba wa poliurethani ili kishikike kama mpira na kisimeremete. Huo utando ndio unaooza. Unyevunyevu wa hewa huuvunjavunja polepole, joto huharakisha (dashibodi ya gari lililoachwa juani inaweza kufika nyuzi 70), na mafuta ya vidole pamoja na losheni humalizia. Ndiyo maana cha sauti hunata mapema kuliko cha kutafutia stesheni: ndicho kinachoshikwa kila siku. Ukikiosha kwa sabuni kitakuwa kizuri siku mbili tatu, halafu kitarudia tabia yake. Poda ya mtoto nayo nimeijaribu. Inanyonya ule unato kweli, lakini kitufe kinageuka kijivu kama kimepitishwa kwenye majivu, na kikipata jasho unakuwa na uji. Dawa ni kuuvua utando wote.

Kabla hujavua chochote, subiri giza liingie, washa taa za gari, uangalie vitufe vyako kimoja kimoja. Visivyo na alama inayowaka havina neno, vifanye unavyotaka. Vyenye alama inayowaka ni habari nyingine. Hivyo kwa kawaida vimetengenezwa kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ikapakwa rangi nyeusi, na alama ikachongwa kwenye rangi kwa leza ili mwanga upenye hapo tu. Ukivua utando laini pamoja na rangi nyeusi, umeifuta alama yenyewe. Mimi nilikifanyia hivyo kitufe cha kutolea CD. Nilisugua kwa bidii ya mtu aliyepata mafanikio kwenye kitufe cha kwanza, na usiku kikawaka chote, cheupe pe, kama taa ya ndani ya friji. Mpaka leo nimekibandika kipande cha tepu nyeusi.

Tuanze na cha sauti. Vingi vya kuzungusha huchomoka kwa kuvutwa moja kwa moja kuja kwako, havina skrubu. Usikichokonoe kwa bisibisi pembeni, utaikwaruza dashibodi na pengine kuupinda mhimili unaokishika. Chukua kamba ya kiatu, ipitishe nyuma ya kitufe, ikae kwenye ule mwanya kati ya kitufe na uso wa redio, kisha vuta ncha zote mbili kwa nguvu sawa huku ukikitikisa kidogo. Kitatoka kwa kishindo, kwa hiyo mkono mwingine ukikinge, la sivyo utakitafuta chini ya kiti. Kikigoma kabisa, acha kukivuta: vichache vimekazwa kwa skrubu ndogo ya ubavuni, au vimeshikamana na uso wa redio na havitoki bila kuufungua.

Dawa yenyewe ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 inafanya kazi pia ila itakuchosha mkono. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, iache mbali. Plastiki ya vitufe mara nyingi ni ABS, na asetoni huiyeyusha. Petroli pia usithubutu. Tafuta sehemu yenye hewa, vaa glovu, na hakikisha hakuna moto wala mvuta sigara karibu, maana mvuke wa alkoholi hii unashika moto kwa urahisi. Jambo jingine: isiguse kioo cha redio. Vioo vingi vya redio ni akriliki, na alkoholi huipasua nyufa nyembamba kama za utando wa buibui. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kukichomoa kitufe badala ya kukisugulia palepale.

Jaribu kwanza ndani ya kitufe, pasipoonekana. Plastiki ikibaki ngumu na haikugeuka rangi, kizungushie kitambaa kilicholowa na ukiache dakika 5. Ukifungua, utaona utando umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Sugua kwa kitambaa cha pamba, ukigeuza upande safi kila mara, kwa sababu kitambaa kilichokwisha kuchafuka kinaupaka tena ule ulimbo badala ya kuuondoa. Kwenye mifereji ya ubavuni tumia mswaki wa zamani, na mabaki ya mwisho uyatoe kwa kijiti cha meno cha mti. Si sindano: sindano inaacha michirizi utakayoiona kila asubuhi. Changu kilinichukua kama dakika 40, na robo tatu ya muda huo iliishia kwenye mifereji. Maliza kwa maji ya sabuni, suuza, kikauke kabisa.

Kwa vitufe vyenye alama inayowaka, punguza kila kitu. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe, na usiloweke. Pita mara tatu nne, simama, kiguse. Mwanzoni kitambaa kinakwama na kutoa uchafu mzito unaovutika nyuzi. Kikianza kuteleza, na doa likawa jepesi kama la wino, umeshafika kwenye rangi. Acha hapohapo, hata kama pembeni pamebaki unato kidogo. Na kama alama inafutika tangu mpito wa kwanza, basi kwenye kitufe hicho utando laini na rangi ni kitu kimoja. Hicho vumilia, au tafuta kingine kwenye redio iliyokufa ya aina hiyohiyo.

Kupaka rangi upya? Mimi sipaki. Plastiki tupu nyeusi inang'aa kidogo kuliko ndugu zake, macho yakaizoea baada ya wiki. Ukisisitiza, pitisha msasa laini wa namba 800, futa vumbi, upulize rangi nyeusi isiyong'aa tabaka mbili nyembamba, na mdomo wa tundu la mhimili uuzibe kwanza. Rangi ikiingia mle kitufe hakitakaa tena.

Kuna vitufe vilivyolegea badala ya kunata, na hivi ugonjwa wake uko ndani. Mhimili wa redio mara nyingi umekatwa upande mmoja, ukiutazama kwa mbele una umbo la herufi D, na tundu la kitufe limechongwa vivyo hivyo. Shingo ya tundu hilo ikipasuka, kitufe kinazunguka peke yake na sauti haipandi. Nilichofanya mimi: niliibana shingo kwa vidole, nikaizungushia uzi wa kushonea mizunguko kama 10 iliyobanana, nikadondosha gundi kali juu ya uzi kwa ncha ya kijiti. Gundi iwe kidogo mno, na kitufe kiwe nje ya redio mpaka kesho yake. Mvuke wa gundi hii huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na tone likiingia kwenye tundu umetengeneza kitufe kisichoingia popote. Kama shingo haikupasuka ila imepanuka tu, kipande cha tepu upande ule bapa wa mhimili kinatosha.

Halafu lipo tatizo ambalo kitufe hakina hatia nalo: unazungusha kuongeza, sauti inaruka juu na chini. Kama kitufe kinazunguka bila mwisho, nyuma yake kuna swichi inayohesabu hatua, na vigusio vyake vimechafuka. Zima gari, kichomoe, pulizia dawa ya kusafishia swichi isiyodhuru plastiki, kidogo tu kwenye shina la mhimili, uzungushe huku na huku mara 30 hivi, uache saa nzima kabla ya kuwasha. Mafuta ya kulegezea nati si mbadala wake, yanabaki mle ndani na kukusanya vumbi. Yangu ilitulia miezi minne, ikaanza tena. Maana yake vigusio vimelika, na kuibadilisha ni kufungua redio na kuchomelea risasi. Sijaifanya. Natumia vitufe vya usukani, na kile cha redio, kisafi na kisichonata, kimebaki cha kuwasha na kuzima.