Alfama: anzia juu, ushuke

Ukiwa na siku moja ya kuzunguka Alfama, mtaa mkongwe wa Lisbon, usianzie mtoni. Panda tramu namba 28 asubuhi na mapema hadi Graça, kisha shuka kwa miguu ukipitia Portas do Sol, uwanja wa kutazamia mandhari. Vichochoro vya Alfama vilinusurika kwa kiasi kikubwa katika tetemeko la 1755, kwa hiyo vimebaki kama vilivyokuwa: vimepinda, vimebanana, na ramani ya simu huchanganyikiwa humo. Izime tu. Kila njia panda chagua inayoteremka, mwishowe utatokea kwenye mto Tejo, na mapafu yatakushukuru. (Jina Alfama lina asili ya Kiarabu, ni ndugu wa neno letu hamamu; palikuwa na chemchemi za maji moto.)

Mbinu hii hugoma mvua ikinyesha: yale mawe ya njiani huteleza kama sabuni, hapo bora kupanda kuliko kushuka. Pia kichochoro kikiandikwa “Beco”, huenda hakina pa kutokea. Na ukichelewa, tramu hujaa pomoni; kaa chonjo na wachomoaji, pochi iwe mbele.