Jetski ya mtumba haivuti? Anza na pampu kabla hujafungua injini (somo)

Wasee habari zenu. Naona watu wengi hapa Nairobi wananunua jetski za mtumba Mombasa, wanapandisha na trela mpaka Naivasha, halafu mashine inakataa kuvuta na kitu ya kwanza fundi anasema ni injini imekwisha. Nimeamua niandike hii polepole juu mimi mwenyewe nilipoteza shilingi 38,000 kwa shida ambayo ilikuwa ya kisu na dakika ishirini.

Yangu ni Yamaha ya zamani, tu-stroki, silinda mbili, 701 cc, ya kabureta. Kule Mombasa nikiinunua iliruka vizuri sana. Naivasha nayo ilikimbia wikendi mbili tu, ya tatu ukivuta mafuta injini inalia kwa nguvu lakini chombo kinatambaa. Fundi akafungua kabureta, akabadilisha jeti (vile vitundu vya kupima mafuta ndani ya kabureta), plagi, filta ya mafuta, pesa ikaisha na mashine iko vile vile. Siku moja ikiwa juu ya trela nikalala chini na tochi ya simu, nikaona uzi wa kijani unachungulia kwa grili, pale chini maji yanapoingilia pampu. Ilikuwa wavu wa samaki, umejizungusha kwa shafti mbele tu ya impela (ile panga ya pampu inayosukuma maji), na joto likauyeyusha ukawa pete ngumu kama sehemu ya mashine yenyewe. Nilikata vipande vidogo vidogo mpaka vidole vikauma. Jioni hiyo ikaenda.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua nani anakosa, injini ama pampu. Na hii unaijua kwa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Kama dashibodi yako haionyeshi, kuna zile mita ndogo za bei nafuu ambazo unazungusha waya yake kwa waya ya plagi na inasoma. Ingia kwa maji, vuta mafuta yote, soma. RPM iko juu ama imepita ile ya kitabu lakini spidi hakuna, injini yako ni nzima, shida iko kwa pampu. RPM haifiki, hapo sasa ndio uangalie injini. Usipime hii nyumbani kwa hose ya maji, kwa sababu bila mzigo injini yoyote itapanda, na utaiharibu.

Pampu. Toa kwanza kile kikamba cha kuzima injini na ukiweke mfukoni mwako, si kwa kiti, halafu ndio uingize mkono. Mulika kwa grili kutoka chini, mulika pia kutoka nyuma. Tafuta kamba, nyuzi, magugumaji, mawe. Angalia ncha za impela, zikiwa zimejikunja ama zimemeguka hata kidogo impela itazunguka bila kushika maji vizuri. Halafu ile ringi impela inazunguka ndani yake, watu wengi hata hawajui iko. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ikipita kati ya ncha ya impela na ringi basi hiyo nafasi ni kubwa mno, maji yanarudi nyuma badala ya kusukumwa. Mashine nyingi ringi ni ya plastiki na inabadilishwa peke yake, si lazima ununue pampu yote.

Sasa mwinuko, na hapa ndio mafundi wengi wanawadanganya watu bila kujua. Ziwa Naivasha liko kama mita 1,884 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa iko chini karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa. Injini inapata hewa kidogo, kwa hivyo nguvu karibu moja ya tano inaenda na hakuna fundi atairudisha. Ya kabureta inaumia zaidi kwa sababu jeti zake ziliwekwa kwa hewa ya pwani, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, inakohoa, plagi zinakuwa nyeusi. Hapo unapunguza jeti, lakini ukirudi Mombasa RUDISHA zile za zamani, la sivyo mchanganyiko utakuwa mwembamba na injini itanoki. Ya injeksheni inajirekebisha mafuta yenyewe, lakini nguvu inapungua bado.

Mafuta. Chota kutoka chini ya tangi, weka kwa chupa ya kioo, acha itulie robo saa. Kama kuna maji utayaona yamekaa chini kama tone kubwa linalotembea ukiinamisha chupa. Super iliyokaa miezi inanuka kama rangi, mwaga. Na kama ni Sea-Doo ya miaka ya 1990, angalia mipira ya mafuta, zile za kijivu zinaoza kwa ndani zinatoa utelezi wa kijani ambao unaziba vichujio vidogo ndani ya kabureta. Badilisha mipira yote kwanza ndio usafishe kabureta, ukifanya kinyume utasafisha tena mwezi ujao.

Plagi, toa usome. Kahawia ni sawa, nyeusi na mafuta ni mchanganyiko mzito ama sparki dhaifu, nyeupe kabisa simama hapo hapo usiendeshe tena, injini inachemka.

Kompresheni mwisho, yaani presha ndani ya silinda. Toa plagi zote, waya za plagi ziguse chuma cha injini, weka geji kwa tundu la plagi, shikilia mafuta yakiwa yamevutwa yote, zungusha stata mpaka mshale wa geji usipande tena. Muhimu ni silinda zilingane, tofauti isizidi asilimia 10. Namba yenyewe soma na mwinuko akilini, silinda inayosoma psi 150 Mombasa itasoma karibu 120 hapa kwetu na iko salama kabisa. Kuna mtu ninayemjua aliuza mashine nzima kama skrapu kwa sababu ya hiyo 120, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

MASWALI

Swali (Kisumu): Kaka asante kwa somo. Yangu inaenda poa dakika kumi halafu inapoteza spidi, nikirudi ufuoni nikaiacha kidogo inarudi sawa. Ni joto?

Jibu: Kwenu kwanza fikiria magugumaji. Yanashikwa kwa grili ukiwa unaenda, ukizima yanaanguka yenyewe, ndio unaona imepona. Siku ingine ikianza zima hapo hapo, usiendelee kuvuta, maji ya kupooza injini yanatoka kwa hiyo hiyo pampu. Ukikagua ufuoni na grili iko safi, sasa angalia ventileshen ya tangi (njia yake ya kupumua), ikiziba tangi halipati hewa na mafuta yanakatika.

Swali (Ruiru): Mimi ni dada nimenunua ya foo-stroki juzi. Fundi aliisafisha kwa hose, sasa stata inapiga "tak" na inakwama. Betri ni mpya.

Jibu: Pole dada. Usiendelee kubonyeza stata! Inawezekana maji yameingia kwa silinda. Toa plagi zote, funika matundu na kitambaa, zungusha kidogo maji yatoke. Angalia oili, ikiwa imegeuka kama uji badilisha yote, na zaidi ya mara moja. Siku zote ni hivi: stati injini kwanza NDIO ufungue maji, na ukimaliza funga maji kwanza ndio uzime. Maji yakifunguliwa injini ikiwa imezima yanapanda kupitia egzosi.

Swali (Kilifi): King'ora kinalia na haipandi RPM kabisa, inaenda tu kama mtumbwi.

Jibu: Hiyo kompyuta imejilinda, mara nyingi ni joto ama oili. Pima oili kwanza. Halafu angalia kile kijitundu cha pembeni kinachorusha maji, kikiwa kinadondosha tu, mchanga ama chumvi imeziba njia. Suuza na maji baridi (yasiyo na chumvi), na ukitoka baharini fanya hivyo siku hiyo hiyo. Ikilia bado ipeleke isomwe na ile mashine inayoonyesha kodi za hitilafu kabla hujanunua sensa yoyote.